Firigisi ya Mgeni

Asifiwe Mungu ambaye, alipomtuma Mwanawe duniani, hakumtafutia kitanda. Alimwacha alazwe horini, katika chombo cha kulishia ng'ombe. Namshukuru kwa miaka aliyonipa, kwa meno machache aliyonibakizia, na kwa subira aliyonifundisha kwa njia ambayo mimi nisingeichagua. Sasa niseme lililoniketisha kuandika.

Mimi ni mzee wa kanisa huku upande wa Myanga, Bungoma, na kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mchungaji wetu ana makanisa manne, na kila Krismasi huenda kwenye lile kubwa, kwa hiyo mahubiri ya siku hiyo katika kanisa letu dogo yalikuwa yangu mwaka baada ya mwaka. Niliyapenda. Nilikuwa na daftari ambalo nilianza kuandika mambo ya Krismasi ya mataifa nikiwa bado kijana chuoni, nami nililibeba mimbarini kama askari abebavyo rungu.

Niliwajua watu wangu. Siku ya Krismasi wanakuja na nguo mpya, mwili uko kanisani, roho iko jikoni. Kwa hiyo niliwafundisha kwa njia ya chakula. Niliwaambia kwamba Maandiko hayataji tarehe aliyozaliwa Bwana. Wakristo wa kwanza hata hawakushughulika na siku hiyo. Baadaye kanisa la Rumi likashika tarehe ishirini na tano Desemba, wakati ambapo huko kwao baridi ni kali na jua linaanza kurudi. Wengine husema ilichukuliwa mahali pa sikukuu ya jua ya wapagani, wengine husema walihesabu miezi tisa tangu malaika alipomsalimu Mariamu. Wahabeshi wao huadhimisha Januari, baada ya kufunga siku nyingi bila nyama, kisha wanakula mchuzi mzito wa kuku na mayai. Hapo kanisa lilicheka, maana kuku walimwelewa. Waitaliano wengi mkesha hula samaki. Waingereza walikula bata bukini, halafu wakamhamia bata mzinga aliyetoka Amerika, na keki nzito ya matunda yaliyokaushwa. "Bethlehemu," nilikuwa nikimalizia, "maana yake ni nyumba ya mkate. Kwa hiyo msione aibu kuwaza chakula."

Mwaka ninaousimulia, niliongeza jambo ambalo nilikuwa nimeambiwa zamani na mwalimu mmoja mmishonari, mama mtu mzima kutoka Polandi, aliyetupa kozi sisi wazee wa kanisa. Alisema kwao, katika karamu ya mkesha wa Krismasi, huweka majani makavu chini ya kitambaa cha meza kukumbuka hori, na huweka sahani moja zaidi ambayo haina mwenyewe. Ni ya mgeni. Akibisha hodi mtu yeyote, hata wasiyemjua, anakaa hapo na kula.

"Na sisi je?" niliuliza kanisa. "Mgeni akija leo, utampa nini? Shingo? Miguu? Mgeni ni Kristo! Mpe kilicho bora kabisa."

Waliitikia amina mpaka mabati yakalia.

Kanisani siku hiyo alikuwamo mke wa mwanangu. Walikuwa wamefunga ndoa miezi minne kabla, Kitale, ambako mwanangu anafanya kazi kwenye ghala la mahindi na yeye anashona nguo. Ilikuwa Krismasi yake ya kwanza kwetu. Alikuwa amelelewa katika makao ya watoto yatima huko Kitale. Hakumjua baba wala mama, wala mlima aliotoka wala mto. Alikuwa amemwambia mke wangu kwamba makaoni Krismasi ilikuwa siku ya kukaa kwenye foleni kungoja wageni walete chakula, na kwamba ndoto yake tangu utotoni ilikuwa kuwa upande wa wanaopakua. Kwa hiyo siku ile ilikuwa siku yake ya kupata kwao. Hilo sote tulilijua.

Watu walipokuwa wakitoka alinisogelea mlangoni, macho chini. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawazoeani sana. Akasema polepole, "Baba, samahani. Mgeni apewe kilicho bora kabisa? Hata kama ni mtu ambaye watu hawamtaki?"

"Hasa huyo, mwanangu," nikamjibu. Nilijibu kwa sauti, ili waliokuwa karibu wasikie.

*

Lazima nieleze mambo ya kuku, kwa ajili ya wasiotujua.

Huku kwetu kuku wa kienyeji ndiye Krismasi. Huchomwa manyoya motoni, hukaushwa juu ya moshi, hukatwa kiungo kwa kiungo, na kila kiungo kina mwenyewe. Firigisi, ambayo sisi huiita imondo, ni ya mwenye boma. Mtu anaweza kukunyima shamba na mkapatana, lakini akila firigisi yako amekutangaza kuwa umekufa. Zamani wanawake hawakula kuku kabisa. Mama yangu mzazi alipika kuku maisha yake yote na aliingia kaburini bila kumwonja. Nilipokuwa mdogo niliona jambo hilo kama sheria ya mvua. Nilipokua na kusoma Maandiko nililihubiri kama ujinga wa kale. Lakini firigisi niliendelea kuila.

Na bibi arusi anapopika kuku wake wa kwanza katika boma la mumewe, bakuli hufunikwa na kuletwa mbele ya baba mkwe. Yeye hufunua, huchukua firigisi iliyowekwa juu, hula, kisha husema, "Huyu ni wetu." Ni hayo tu. Nyumba nzima hungoja maneno hayo mawili matatu. Mke wangu alikuwa amemfundisha binti yote tangu asubuhi.

Sebuleni tulikuwa wanaume sita: mimi, mwanangu, mdogo wangu ambaye mdomo wake haujawahi kulala, na wazee watatu wa kanisa. Wanawake walikuwa upande wa jikoni pamoja na dada yangu. Ugali wa wimbi ulikuwa mezani, wali ulikuwa mezani, chapati zimefunikwa. Binti aliingia na bakuli, akapiga goti, akaliweka mbele yangu, akabaki pale pale amepiga goti kama alivyofundishwa.

Nikafunua. Paja lilikuwapo, kidari kilikuwapo, mbawa, mgongo, hata shingo. Nikachovya kijiko, nikageuza mchuzi. Nikageuza tena.

Mdogo wangu akachungulia. "Haiya! Kaka, huyu kuku alikuwa anasaga mahindi na nini? Na meno?"

Wazee wakacheka kidogo, kicheko cha kukohoa.

"Labda ni kuku wa Kitale," akaendelea. "Huko si wanazaliwa bila tumbo? Ama kuna mwanamume mwingine hapa bomani ambaye hatujaonyeshwa?"

Mwanangu akasema, "Baba mdogo, wacha bana."

"Niwache nini? Mimi nauliza tu. Bwana harusi, ama ni wewe umekula? Umetawazwa lini?"

Nikamtazama binti. Nilipaswa kumwita mke wangu aulize kwa niaba yangu, ndivyo heshima ilivyo. Sikufanya hivyo. Nikamuuliza mwenyewe, uso kwa uso, "Firigisi iko wapi?"

"Nimempa mgeni, baba."

"Mgeni gani?"

"Yule mama wa ng'ambo ya ua. Alikuja jikoni kuomba chumvi." Alisema bila hofu yoyote, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyefanya hesabu sawasawa na anangoja alama ya vyema.

Mama wa ng'ambo ya ua alikuwa mjane. Mumewe alifanya kazi Webuye, kwenye kiwanda cha karatasi, akafa, na ndugu za mumewe wakamfukuza wakisema ana jicho. Akarudi kwenye kipande cha shamba la baba yake, karibu na boma langu, ua wa kayapa wenye miiba katikati. Mtu wa jicho, watu husema, akitazama chakula unachokula, tumbo litakukata hadi usiku. Basi alipopita njiani, watu walifunika masufuria. Watoto walikimbia na viazi vyao. Aliishi hivyo miaka kumi na zaidi, akiona vifuniko. Mimi nilihubiri kwamba Mkristo haogopi jicho. Lakini sikuwahi kula mbele yake, na wala hakuna siku aliyokaribishwa mezani kwangu.

"Amempa mchawi!" Ilikuwa sauti ya dada yangu kutoka jikoni. "Mimi nilimwona na sahani nikadhani ni ugali tu. Uuuwi!"

"Baba," binti akasema, "si ulisema kanisani…"

Hakumaliza. Nilijua angesema nini, na wazee watatu waliokuwapo mahubirini walijua, na mmoja wao alianza kutazama miguu yake. Nadhani kama angenyamaza ningepata njia ya kutoka. Alinikumbusha neno langu mbele ya watu walioitikia amina, na hilo sikuweza kumsamehe. Nikasema, "Nenda uilete."

Mwanangu akasimama. "Baba, nitaenda mimi. Ama tuchinje mwingine."

"Kaa chini. Aliyepeleka ndiye atakayeleta."

Alikwenda. Kutoka sebuleni kwangu, mlango ukiwa wazi, unaona ua na pengo lake. Alipita pengoni na vazi lake jipya la kitenge alilojishonea mwenyewe kwa ajili ya siku ile. Kayapa ilimshika begani. Hakusimama kujinasua, alivuta tu na kitambaa kikachanika. Tulikaa tukingoja, hakuna aliyegusa ugali.

Alirudi na ile sahani yetu ya bati yenye maua ya bluu, imefunikwa kwa jani la mgomba. Akapiga goti tena. Akafunua. Firigisi ilikuwa pale pale, nzima, na mchuzi wake haujaguswa.

"Hakuwa amekula?" mke wangu aliuliza kutoka mlangoni.

"Hapana, mama. Alisema nimwambie mzee kwamba bado alikuwa anashukuru."

Nilinyoosha mkono. Mdogo wangu akanishika kiwiko, na safari hii hakuwa anatania. "Kaka. Hiyo ameshaitazama."

Ndugu msomaji, mimi nimesoma Maandiko tangu ujana. Nimewafundisha watu wazima na watoto kwamba aliye ndani yetu ni mkuu kuliko yule aliye duniani. Mkono wangu ulisimama juu ya sahani, na niliogopa tumbo langu. Basi nikaichukua ile firigisi kwa vidole viwili, nikaitupa nje ya mlango, kwa mbwa.

Mbwa aliimeza bila kutafuna.

Kisha nikamwambia yule binti aliyepiga goti mbele yangu, "Si kosa lako. Mtoto asiye na kwao atajuaje mambo ya nyumba za watu?"

Niliona midomo yake ikisogea kidogo, kama mtu anayerudia neno ili asilisahau. Halafu akasema, "Asante, baba," akatoka.

Tulikula. Ndiyo, tulikula. Mdogo wangu alirudia mzaha wa kuku asiye na tumbo mara tatu, na ya tatu nilicheka.

Binti aliosha vyombo vyote. Alipika chai, akapeleka kwa kila mtu, akapokea vikombe. Asubuhi alimuaga mke wangu kwa kumkumbatia, mimi kwa kuinama, akaondoka na mumewe. Maneno "Huyu ni wetu" hayakusemwa. Siku mbili baadaye, mke wangu alisimama uani akimtazama mbwa amelala juani, akaniambia, "Baba watoto, mbwa hajaumwa tumbo."

*

Miaka sita ilipita. Mwanangu alikuja peke yake, mara mbili au tatu kwa mwaka, na sukari na majani ya chai, akikaa ukingoni mwa kiti. Mjukuu wangu wa kike alizaliwa Kitale na nilimjua kwa picha za simu. Mke wangu alikwenda kuwaona, akapitia Webuye na Lugulu, akarudi na habari ambazo ilibidi nizichokonoe kwake moja moja. Mtoto anatembea. Mtoto anajua kuimba. "Na mama yake?" "Mzima. Anakusalimu." Nilijua hiyo salamu ya mwisho aliishona mke wangu mwenyewe.

Mjane alifariki katika mwaka wa pili, msimu wa mvua nyingi. Ni mimi niliyeongoza ibada ya mazishi. Watu walikuja wachache, na waliokuja hawakula, kwa kuogopa hata sufuria zake. Mke wa mwanangu alitoka Kitale, akasimama kaburini, akatupa udongo, akapita mbele ya lango langu kurudi barabarani bila kugeuza shingo. Nilikuwa nimewaambia wamwekee kiti kwangu. Kiti kilikaa kitupu.

Na ile sahani ya Polandi niliihubiri tena, Krismasi mbili zilizofuata. Watu waliipenda, waliiomba. Mwaka wa tatu nilifungua daftari mimbarini, nikafika ukurasa ule, na nikamwona yule mzee aliyetazama miguu yake siku ile akiitazama tena. Nikafunga daftari. Tangu hapo vijana wanahubiri.

Krismasi iliyopita mke wangu alikwenda Kitale mapema. "Nitakula na mjukuu wangu," alisema. "Wewe una firigisi yako." Nilibaki na jogoo mzima, chungu, na boma lisilo na sauti. Asubuhi ya sikukuu nilimfunga jogoo miguu, nikamtia kwenye kikapu, nikasafiri. Sikupiga simu. Niliogopa kuambiwa nisije.

Wanakaa vyumba viwili nyuma ya soko. Kulikuwa na baridi ile ya Kitale isiyojali kwamba ni saa saba mchana. Nilibisha, nikasema hodi. Mlango ulifunguliwa na mtoto wa miaka minne hivi mwenye paji la uso la mama yangu. Alinitazama, akatazama kikapu, kisha akageuka na kupiga kelele kwa furaha kubwa, "Mama! Mama! Leo amekuja! Mgeni amekuja!"

Mezani palikuwa na sahani tano, na watu ndani ya nyumba walikuwa wanne. Ya tano ilikuwa ya bati, ina maua ya bluu. Tulizinunua sita pamoja, mimi na mke wangu, na sikuwa nimegundua kwamba kabatini zimebaki tano.

Mwanangu alisimama, mke wangu alifunika mdomo kwa leso. Binti alitoka upande wa jiko akipangusa mikono. Alikuwa amenenepa kidogo, na macho yake sasa hayakutazama chini.

"Karibu," akasema. Akapokea jogoo, akamwangalia. "Huyu tutafuga." Kisha akanionyesha kiti, si kile cha kichwani pa meza, bali cha upande wa mlango, mbele ya ile sahani. "Keti hapo. Hapo ni pa mgeni."

Nikaketi. Mjukuu wangu akaniambia kwamba kila Krismasi wanaiweka na hakuna mtu anayekuja, na kwamba yeye alikuwa amesema mwaka huu atakuja. Akaniuliza, "Umetoka mbali?"

"Mbali sana," nikasema.

Binti akapakua. Akachukua firigisi kwa kijiko, akaiweka katikati ya sahani yangu, peke yake. Nikasema, "Mwanangu, hii… mimi si wa kupewa hii."

"Hii si ya baba mwenye boma," akanijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto wa makaoni utaratibu wa meza. "Ni ya mgeni. Mgeni hupewa kilicho bora kabisa. Hasa ambaye watu hawamtaki. Kula, itapoa."

"Nilikukosea."

"Mimi ulinitukana tu. Aliyenyang'anywa chakula amelala ng'ambo ya ua, na wewe ndiye uliyemzika." Akakaa, akamkatia mtoto ugali. "Shukuru, ule."

Niliinamisha kichwa kushukuru. Nilishukuru muda mrefu, mpaka mchuzi ukaweka utando wa mafuta, maana sasa nilijua mjane alikuwa akifanya nini na sahani ile mbele yake. Kisha nikaitia firigisi mdomoni. Ni nyama ngumu, na meno yangu ni haya niliyoyataja mwanzoni. Nilitafuna na wote wakaona natafuna. Hakuna aliyetazama pembeni, hakuna aliyefunika chochote. Binti alingoja hadi nikameza, ndipo akaanza kula chakula chake.

Alinisindikiza hadi mlangoni. Sijui nilitarajia nini. Alisema, "Mwaka ujao sahani itakuwepo, baba." Lile neno alilitamka kwa heshima, kama vile tunavyomwita baba mzee yeyote njiani.

Sasa Krismasi inakaribia tena. Mke wangu amenishonea kifungo cha koti. Nitakwenda, nitabisha kama mtu asiye na kwao, nitakula nitakachopewa mahali nitakapoonyeshwa, na ikiwa Mungu amepanga nikalie kiti cha mlangoni hadi kufa, namshukuru kwamba kuna kiti.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Bwana ayabariki maghala yako na jiko lako. Akupe meza ndefu kuliko jamaa zako. Akitokea pengoni mwa ua wako mtu ambaye wengine humfunikia sufuria, Mungu aushike mkono wako usinyooshwe kupokonya, na amwache ashukuru hadi amalize, kisha ale, ashibe.